Mashine Haipigwi Teke

Msimu wa alizeti ukifika, Singida hunukia mafuta. Kuanzia Mei magunia hushushwa usiku na mchana, mikanda ya mashine huunguruma, na vumbi hutua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Mtu wa kisa hiki ameishi ndani ya vumbi hilo miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo nitamwita Mzee wa Mashudu. Ni mtu wa hadithi, nimemshona kwa vipande vya wanaume wengi. Ukimkuta mtaani kwenu usishangae.

Alikuwa na mashine mbili za kukamulia, na sifa moja: alijua kuzisikiliza. Mafuta yakipungua, vijana wake hukimbilia kuipiga mashine teke. Yeye huwazuia. Huzima umeme, hugusa mkanda, hufungua chujio, hufikicha mashudu kiganjani aone kama yametoka na mafuta, ndipo aseme: mashine haina neno, mbegu zina unyevu, zirudisheni juani. Watu walitoka Ikungi na Iramba kumletea alizeti kwa sababu ya masikio hayo.

Miaka mitatu kabla ya yaliyompata, wahudumu wa afya walipita sokoni wakipima watu presha bure. Yake ilisoma 170 kwa 105. Akapelekwa kliniki, akaandikiwa vidonge vya kila siku, akaambiwa apunguze chumvi. Alivimeza kwa bidii ya mgeni kazini. Miezi minne ya kwanza hakuruka hata siku moja.

Kisha usiku mmoja mwili haukuitika.

Hilo humpata kila mwanaume mara mojamoja: uchovu, mawazo, pombe, deni. Lakini lilipojirudia mara ya tatu, Mzee wa Mashudu alianza kuchelewa kurudi. Alikaa mashineni mpaka saa tano usiku akihesabu magunia yaliyokwisha kuhesabiwa. Akifika nyumbani humkuta mkewe amelala, au amejilaza kama aliyelala, na wote wawili hushukuru kimyakimya.

Mkewe naye alikuwa na lake. Ana miaka 49, anauza vitunguu. Hedhi ilikuwa imemkoma, na tangu hapo tendo lilimuuma kuliko zamani. Nasema kuliko zamani, kwa sababu halikuwahi kuacha kumuuma kabisa. Sababu yake nitaieleza mbele. Alikuwa amezoea kugeukia ukutani. Mumewe alipoacha kumgusa, kwanza alipumua. Wiki ya sita akaanza kunusa mashati. Shoga yake wa pale sokoni akammalizia: mwanaume haachi kula, hubadilisha mgahawa tu.

Basi mwanamke akaamini mumewe ana nyumba ndogo, na mwanaume akaamini mkewe amemchoka, na pengine amemfanyia kitu. Hakuna aliyeuliza. Kulia kwenye kitanda kilekile alilala mtu mwenye swali, na kushoto alilala mtu mwenye swali.

Swali la mama lingejibiwa na muuguzi kwa robo saa. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, na ngozi ya uke hukonda na kukauka. Si laana, wala si kwamba mapenzi yamekwisha. Vipo vilainishi vya maji, na zipo krimu za homoni ambazo daktari anaweza kuandika baada ya kumpima mtu. (Na kwa kuwa tuko Singida, niseme hili hapahapa: mafuta ya alizeti ni ya kukaangia. Mafuta ya kula, losheni na Vaseline huudhoofisha mpira wa kondomu upesi sana, ukapasuka bila mwenyewe kujua. Wanaotumia kondomu watafute kilainishi cha maji.)

Swali la baba lilikuwa zito zaidi, naye alilipeleka penye pombe ya mtukuru. Rafiki yake wa kunywa naye alimjibu bila kufikiri: "Hivyo vidonge vya presha ndivyo vinavyokumaliza. Mimi niliviacha zamani."

Uongo wa kijiweni huwa mgumu kuung'oa kwa sababu haukosi punje ya ukweli. Ni kweli baadhi ya dawa za presha, hasa za zamani kama hidroklorothiazaidi na propranololi, zinaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu. Lakini presha yenyewe, ikiachwa, hupunguza zaidi. Uume husimama kwa damu: ubongo unatuma habari, mishipa ya fahamu inaipokea, mishipa ya damu inalegea, damu inajaa na kuzuiliwa humo. Mishipa hiyo ni myembamba, upana wake milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Presha, kisukari na sigara huikakamaza na kuiziba yote, ila iliyo myembamba ndiyo huonyesha kwanza. Ndiyo maana daktari wa moyo humsikiliza kwa makini mwanaume wa miaka hamsini anayesema mambo hayaendi. Huenda moyo wake unabisha hodi miaka kadhaa kabla haujavunja mlango.

Wala hakuwa peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 huko Massachusetts, Marekani, zaidi ya nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikiri kuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani, dogo au kubwa. Wanaume tunapenda kudhani ni mimi tu, na wale wengine wote wako imara. Ndivyo tunavyoishia kwa mchuuzi wa unga wa nguvu za kiume.

Kama angelipeleka swali lake kliniki, angeweza kubadilishiwa vidonge. Ziko dawa kama losartani na amlodipini ambazo kwa kawaida haziingilii mambo ya chumbani. Angepimwa na sukari. Lakini aliyekaa upande wa pili wa meza kliniki alikuwa daktari binti, rika la mwanawe wa pili, anayemwamkia shikamoo kila mwezi. Angeanzia wapi? Aliviacha vidonge. Hakuvitupa, maana hakutaka maswali. Aliviweka kwenye mfuko wa koti la harusini, pakiti juu ya pakiti.

Kisha akanunua vumbi la Kongo.

Nani asiyelijua? Unga kwenye karatasi, hauna jina la aliyeutengeneza, hauna kipimo, hauna tarehe. Muuzaji husema ni mizizi mitupu. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na hapo ndipo penye hatari: katika nchi nyingi maabara za serikali zimezipima dawa za namna hii zinazoitwa za asili na kukuta zimechanganywa na sildenafili, dawa ileile ya kidonge cha bluu, kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua.

Sildenafili si sumu. Historia yake hata inachekesha. Watafiti wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua. Moyo haukusaidika kama walivyotaka, lakini wanaume waliojitolea kuijaribu wakaona jambo jingine. Marekani iliiidhinisha Machi 1998. Mikononi mwa daktari imewarudishia wengi ndoa zao. Haileti hamu wala haiponyi mshipa ulioziba. Inalegeza tu mishipa ili damu ipite mwanya uliopo. Lakini ikikutana na dawa za naitreti, zile ambazo wagonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka mpaka mtu akafa. Ndiyo maana ni dawa ya cheti. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo si sifa ya kusimuliana, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Usiku wa kwanza unga ulifanya kazi. Laiti ungeshindwa! Mkewe alishtuka, akaumia, akanyamaza. Akajiambia, kumbe huko anakotoka ndiko anakofundishwa.

Sasa nieleze sababu niliyoahidi.

Mwaka huohuo wa 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Mkewe Mzee wa Mashudu alizaliwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo, katika siku ambazo Singida na Dodoma ziliingiwa na hofu ya lawalawa. Watoto wa kike walipata muwasho, uchafu na vidonda sehemu za siri: maambukizi ambayo usafi na dawa za kawaida za hospitali huyamaliza. Lakini serikali ilikuwa imeanza kupinga ukeketaji, na wazee wakasema mizimu imekasirika, mwiko umevunjwa, dawa ya lawalawa ni kisu. Hivyo mila iliyokuwa ya wasichana wakubwa, yenye ngoma na mafundisho, ikashuka kwa watoto wachanga, kimya, bila ngoma. Katika takwimu za kitaifa za 2015-16, wanawake 31 kati ya kila 100 wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa.

Mama muuza vitunguu ni mmoja wao. Hakumbuki siku yenyewe. Anachokumbuka ni makovu, na maumivu aliyodhani kila mwanamke anayo. Ugonjwa wa chini ulipewa jina la uongo, ukapewa dawa ya jina hilo, na aliyelipa alikuwa mtoto asiyejua kusema. Sioni kwamba tumehama mbali. Sasa mshipa ulioziba unaitwa kufungwa, au kuchokwa, au vidonge vya wazungu, na dawa yake inauzwa kwenye karatasi stendi.

Ilikuwa alfajiri, mwezi wa pili tangu aache vidonge. Alitaka kuamka akashindwa kuuinua mkono wa kulia. Mdomo ulikwenda upande. Mkewe alipomwita alijibu maneno ambayo si maneno. Ndugu walifika upesi, na wakapoteza saa nne nzima wakibishana: shemeji mmoja alisema karogwa, mwingine alisema apelekwe kwa fundi huko Manyoni anayefungua mambo kama haya. Kiharusi hakingoji kikao cha ukoo. Seli za ubongo hufa kila dakika. Mwishowe mama ndiye aliyesimamisha bajaji.

Hospitali walimuuliza: "Mama, mzee anatumia dawa gani?" Akasema vidonge vya presha tu. Akarudi nyumbani kuchukua shuka, akashika lile koti ili amfunike, na mifuko ikamwaga pakiti za vidonge na karatasi tatu za unga. Alikaa chini sakafuni. Anasema kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa hasira. Kilikuwa: kumbe hakuna mwanamke.

Alivipeleka vyote kwa daktari, vidonge na unga. Alifanya jambo kubwa kuliko alivyojua, kwa sababu mgonjwa anayelalamika kifua, kama wanaomtibu hawajui amekula nini usiku, anaweza kupewa naitreti, ile dawa isiyopatana na unga wa namna hiyo. Aibu yake aliimeza ili mumewe awe hai.

Wiki ya tatu, maneno yake yalipoanza kurudi, mkewe alimwekea karatasi moja ya unga mbele yake mezani.

"Baba watoto, mashine ikipunguza mafuta unafanyaje?"

Akajibu polepole, kwa mdomo uliopinda. "Nazima. Nakagua."

"Na mwili wako?"

Hakujibu.

"Umeupiga teke. Na mimi nimelala pembeni miezi yote nakuhesabia wanawake."

Halafu akamwambia na la kwake, la ukavu na la kovu, mambo ambayo katika miaka 27 ya ndoa hakuwahi kuyatamka. Sijui ni yupi kati yao aliyelia zaidi, na hainihusu.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Daktari alikuwa yule yule binti. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Presha ilisoma 138 kwa 86. Akaandika, akageuza kadi, akauliza kama anavyouliza kila mwezi: "Kuna swali lingine?"

Mzee aliangalia viatu vyake. Mkewe akakohoa. "Lipo, dokta. Anaona aibu, wacha niulize mimi."

Mzee akauinua mkono wa kushoto, ule mzima, kumzuia. Ilimchukua muda kuyapanga maneno.

"Mwanangu, mimi na huyu mama... bado tunaruhusiwa?"

Daktari aliinuka, akafunga mlango, akavuta kiti akaketi karibu. Akawaambia kipimo wanachotumia ni ngazi: mtu anayepanda ghorofa mbili kwa haraka bila kubanwa kifua wala kukatika pumzi, kwa kawaida moyo wake unamudu. Singida yetu ghorofa si nyingi, akasema, lakini vilima vya mawe tunavyo. Waanze na matembezi ya jioni kando ya Ziwa Singidani, pole pole, wote wawili. Vidonge visiachwe. Dawa ya kusaidia, ikihitajika, ataiandika yeye mwenyewe baada ya kuupima moyo.

Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mama, una lako?"

Mama akavuta kiti chake karibu.