Kura ya lazima itapeleka miguu tu

Mwaka 2010 Watanzania zaidi ya milioni 20 walijiandikisha kupiga kura. Siku ilipofika, waliojitokeza hawakufika milioni 9. Foleni zinapokuwa fupi namna hiyo, hakosekani wa kusema: ipitishwe sheria, asiyepiga kura atozwe faini.

Wenye hoja hiyo hutoa mfano wa Australia. Mwaka 1922 waliopiga kura huko hawakufika asilimia 60. Sheria ikapitishwa mwaka 1924, na katika uchaguzi wa mwaka uliofuata walizidi asilimia 90. Siwabezi. Faini hujaza vituo, na mgombea hawezi tena kuwapuuza maskini akitumaini kuwa watabaki majumbani.

Lakini swali langu ni hili: tunataka kujaza vituo, au tunataka raia wanaofuatilia mambo yao?

Sisi wa Chiwata, na wenzetu wa Masasi na Newala, somo la kulazimishwa tunalijua. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu walihamishwa kwa nguvu. Kwenye hesabu, vijiji vilijaa. Huku nyuma mikorosho iliachwa mbali, ikamezwa na pori. Korosho ya nchi, iliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, ilianguka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Ni kweli, bei mbovu na ubwiri unga navyo vilichangia. Lakini aliyehamishwa bila kuulizwa atapata wapi moyo wa kupalilia?

Kura ni ushahidi. Kuuficha ushahidi bila udhuru ni kosa. Lakini ni kadhi gani atakayeupokea wa aliyeshurutishwa? Anayebaki nyumbani mara nyingi ana sababu. Aliahidiwa maji, hakuyaona. Au haamini kuwa kura yake itahesabiwa kwa haki. Faini haimjibu mtu huyu. Inamswaga hadi kituoni, kisha wingi wa kura unatangazwa kuwa ndiyo ridhaa yake!

Kama kuna wajibu wa kusimamiwa kwa sheria, uanze kwa viongozi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kila baada ya miezi mitatu. Basi uitishwe kweli, mapato na matumizi yasomwe, mwananchi aulize na ajibiwe. Nanyi ndugu zetu wa mijini, dai hilo lipelekeni kwenye mikutano ya mitaa yenu. Aliyezoea kujibiwa hangoji faini imkumbushe siku ya kura.