Je, Picha Yaweza Kusema Uwongo?

Mama mmoja Mkristo wa hapa Mbezi Luis aliniuliza neno, nami sikuweza kumjibu papo hapo. Ukutani mwake imetundikwa picha yake ya arusi. Nguo aliyovaa na mikufu ya dhahabu vilikuwa vya kuazima. Sasa binti yake ataka kukopa fedha ili apigwe picha iliyo bora kuliko hiyo. Mama akasema, "Mchungaji, nitamkatazaje, nami mwenyewe nimetundika uwongo?"

Na tuyapime mambo haya. Henrietta Maria, mke wa Charles I mfalme wa Uingereza, alichorwa mara nyingi na Van Dyck katika miaka ya 1630, naye aonekana mwenye umbo zuri na hariri ing'aayo. Walakini Sophia, mpwa wa mfalme, alipokutana na malkia huyo alistaajabu. Alitazamia mrembo wa picha zile, akamwona mwanamke mfupi, mikono myembamba, meno yametokeza nje. Mchoraji alimpendeza malkia, akawadanganya watazamaji.

Tena iko picha ya mtu wa kwetu. Bibi Salme, binti Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka 1867 akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanya biashara Mjerumani. Huko Hamburg alipigwa picha amevaa mavazi ya kifalme ya Unguja, ingawa maisha yale yalikuwa yamekwisha kumpita. Mwaka 1870 mumewe akafa, naye akabaki mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya ugeni. Je, picha ile ni uwongo? La. Ilikumbusha alikotoka, wala hakuficha alikofika, maana mwaka 1886 alisimulia habari zake katika kitabu.

Basi pambo peke yake si uwongo, wala kweli haidai matambara. Uwongo huanza pale mtu atakapo jirani yake aamini lisilokuwapo. Nguo ya mama ilijulikana na wote kuwa ya kuazima, nayo ilirudishwa, hakudanganywa mtu. Bali akopaye ili aonekane tajiri amdanganya jirani. Na kama wote wajua kwamba amekopa? Hapo si uwongo tena, ila ni kula chakula cha watoto ambao hawajazaliwa.

Wala mimi simo nje ya hukumu hii. Katika picha yangu nimevaa joho la kichungaji, nami ni mpole sana. Wa nyumbani mwangu wajua siku nisizo mpole. Samweli naye alikaribia kuchagua kwa macho, hata Bwana akamwonya kwamba Yeye hutazama moyo (1 Sam. 16:7).

Nalimjibu mama hivi: "Usiitungue picha. Mwite binti yako, mketi chini yake, umwambie nguo ile ilitoka kwa nani, na ilirudi lini."