Kauli ya Fundi na Haki ya Mwenye Gari

Gari lapanda mlima kutoka Muheza kwenda Amani. Mkanda wa taimingi wakatika, injini yazima. Fundi asema: valvu zimepinda. Mwenye gari akimwita mwizi, amedhulumu kwa dhana. Akilipa pasipo kuuliza, amepoteza mali aliyoamrishwa kuihifadhi. Maana ziko injini ambazo mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na ziko ambazo hazigusani kabisa: liwezekanalo si lililothibiti. Basi fundi na afunge mkanda mpya, apime mgandamizo wa hewa katika kila silinda. Ukipungua, afungue injini amwonyeshe mwenyewe valvu iliyopinda. Ujuzi wampa fundi haki ya kusikizwa, haumpi haki ya kutoulizwa. Na kumtaka bayana si kumvunjia heshima. Ni kumkinga na tuhuma.