Deni na Ndoto

Katika Gorgias, Plato anamfanya Socrates aifananishe balagha na upishi. Mpishi anajua kinachoufurahisha ulimi, tabibu anajua kinachoufaa mwili, na waamuzi wakiwa watoto, tabibu hashindi kesi. Shutuma hiyo haijapungua makali. Jambo likiwa la haki, takriri na sitiari za nini? Na likizihitaji, tutajuaje kama msikilizaji amekubali haki au amekubali utamu? Hata wahenga waliosema maneno matamu humtoa nyoka pangoni hawakutuambia nyoka akishatoka afanywe nini.

Naipima shutuma hiyo kwa hotuba ambayo wengi wetu tunadhani tunaijua: ile ya “Nina Ndoto” aliyoitoa Martin Luther King tarehe 28 Agosti 1963 jijini Washington, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 250,000. Tuiache ndoto kwanza, tuanze na hundi.

Mapema katika hotuba King anasema kwamba waasisi wa Marekani, walipotangaza usawa wa binadamu mwaka 1776, walitia saini hati ya kuahidi malipo, na kila Mmarekani ni mrithi wa hati hiyo. Raia weusi walipopeleka hundi yao benki, ikarudishwa: akaunti haina fedha. Yeye anakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika. Kwa msomaji wa Kiswahili hapa hakuna fumbo. Ahadi ni deni. Ila tazama sitiari hiyo imefanya kazi gani. Machoni pa wazungu wengi, hata wenye huruma, mtu mweusi alikuwa mwombaji, na mwombaji hupewa kwa hisani, kiasi apendacho mtoaji, siku aipendayo mtoaji. Baada ya hundi amekuwa mdai. Mdai hapigi magoti, wala hawiwi shukrani akilipwa. Anayemwambia avute subira hatoi tena ushauri wa busara. Ni mdaiwa anayekwepa. Kati ya pande mbili zilezile uhusiano umegeuka, na hakuna ushahidi mpya hata mmoja ulioongezwa.

Hapo ndipo mfano wa tabibu unapopwaya. Mgonjwa wa Socrates hajui kinachomfaa, lakini Marekani ya 1963 haikukosa kujua. Azimio la Uhuru lilifundishwa shuleni. Mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto iliyoelekezewa vijana wa Birmingham vilikuwa vimeonekana kwenye televisheni Mei ya mwaka huohuo. Watu waliikiri kanuni, wakayaona matendo, kisha wakaviweka katika vyumba viwili na kufunga mlango wa katikati. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea hoja atakushukuru na kuiweka pamoja na nyingine. Takriri inamfikia kwa njia tofauti. King anahesabu miaka mia moja tangu tangazo la Lincoln la 1863 la kuwakomboa watumwa, kisha anairudia hesabu hiyo sentensi baada ya sentensi, mpaka muda wenyewe unachosha sikio. Mwenye kuchoka kwa dakika moja ameonjeshwa, kwa mbali sana, kungoja kwa karne. Sioni udanganyifu hapo. Kungoja kulikuwa kurefu kweli.

Ndoto ni habari nyingine, na hapa Plato anastahili kurudishiwa sehemu ya haki yake. Haikuwamo katika hotuba iliyoandikwa. King aliwahi kuitumia kwingine, ikiwemo Detroit mwezi Juni, na siku hiyo mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu, alimpaazia sauti awaeleze watu habari ya ndoto. Akaiacha karatasi, akaingia katika mahadhi ya mimbari ya Kibaptisti aliyolelewa nayo. Ni uzuri usiopingika. Lakini sikio lina upendeleo wake: lilichukua ndoto likaiacha hundi. Wangapi leo wanakumbuka kwamba maandamano yale yaliitwa ya Kazi na Uhuru, na kwamba miongoni mwa madai yake ni kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa? Hundi inadai malipo leo. Ndoto inaweza kungoja. Hakuna mdai apendwaye na mdaiwa kama yule anayeota, ndiyo maana kila Januari, siku ya King inapofika, hata wanasiasa wasiotaka kulipa chochote humnukuu kwa raha. Kosa si la King peke yake, kwani amealikwa kwenye karamu hizo akiwa kaburini. Hata hivyo kinachokaririwa kwa urahisi huchukuliwa pia kwa urahisi, kikapelekwa kusikokusudiwa.

Je, kusema bila mapambo kungekuwa salama zaidi? Tarehe 22 Agosti 1964, huko Atlantic City, Fannie Lou Hamer, mkulima wa mashamba ya pamba ya Mississippi, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya chama cha Democratic iliyokuwa ikiamua ni ujumbe upi uliwakilishe jimbo hilo kwenye mkutano wa chama. Alianza kwa jina, anwani na wilaya yake, Sunflower, akitaja kwamba ndiko kwao Seneta James Eastland, mtetezi wa ubaguzi wa rangi. Hakumshutumu Eastland kwa neno hata moja. Alimweka tu kando ya anwani ya mwanamke aliyefukuzwa shambani kwa kujaribu kujiandikisha kupiga kura. Akasimulia kipigo alichopata jela ya Winona, kisha akamaliza kwa kuuliza kama hiyo ndiyo Marekani. Wenye kudhani ushahidi ule hauna ufundi hawajausikiliza vizuri.

Rais Johnson aliusikia ufundi huo mapema kuliko wengi: aliitisha mkutano wa ghafla na waandishi wa habari ili kamera zimwache Hamer. Vituo vya televisheni viliurusha ushahidi usiku, nchi ikamsikia. Kisha wakubwa wa chama wakaupa ujumbe wake viti viwili, huku watakaovikalia wakiwa wamekwisha kuchaguliwa na watu wengine. Hamer na wenzake walivikataa.