Mshahara Umekwisha, Ndoa Haijastaafu



Siku ya kumuaga mstaafu huwa ya shangwe. Mwalimu au muuguzi aliyetumikia umma miaka mingi hupewa zawadi na wenzake, hotuba husomwa, picha hupigwa. Miezi michache baadaye shangwe imepoa, malipo huenda bado hayajafika, na swali limebaki jikoni: mwezi huu tutakula nini? Ndoa nyingi zilizovumilia miaka thelathini ya karo na uhamisho huanza kutikisika hapo, wakati ambapo watoto wameondoka na wazee wawili wamebaki kutazamana.

Hapa Kenya mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa miaka 55, hadi serikali ilipobadilisha mwaka 2009. Kwa hiyo siku hiyo haiji kama mwizi. Inajulikana mapema. Hata hivyo, wengi huifikia bila kujua hesabu yao. Au baba anaijua na mama haijui. Au mama ndiye mtumishi, na baba ndiye anayekisia. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anatukumbusha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi na sisi tuketi.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliye katika mpango wa zamani wa pensheni. Amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 48,000 kwa mwezi. Ukiongeza marupurupu ya nyumba na mengineyo, alikuwa akilipwa shilingi 65,000 kabla ya makato, na nyumba imezoea kupanga mambo kwa kadiri hiyo. Lakini pensheni haihesabu marupurupu. Inachukua mshahara wa msingi wa mwaka, shilingi 576,000, inazidisha kwa miezi 360 ya kazi, kisha inagawanya kwa 480. Jibu ni shilingi 432,000 kwa mwaka, sawa na 36,000 kwa mwezi.

Hata hizo 36,000 hazifiki zote. Robo yake hukatwa ili kupata malipo ya mkupuo. Robo ya 432,000 ni 108,000. Ikizidishwa kwa 20, mwalimu anapewa shilingi 2,160,000 kwa mara moja. Robo tatu zilizobaki ndizo pensheni yake: shilingi 27,000 kila mwezi.

Tazameni vizuri. Nyumba ya 65,000 imekuwa nyumba ya 27,000. Zile milioni mbili si zawadi ya serikali wala si bahati. Ni pensheni yenu wenyewe iliyokatwa na kulipwa mapema. Zikiisha, ile robo haitarudi. Ndugu walio katika mpango mpya ulioanza Januari 2021, ambao mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, watapata kulingana na kilichowekwa na faida yake. Hesabu yao ni nyingine, lakini somo ni lile lile.

Sasa niseme lililo moyoni. Pensheni ndogo peke yake haivunji ndoa. Kinachovunja ndoa ni siri na kiburi vinavyoingia pamoja nayo. Baba aliyezoea kuitwa mkuu wa shule anaona haya kumwambia mkewe kwamba hana. Basi anaficha. Mama anamwona akitoka kila siku, hajui fedha zimefika wala zimekwenda wapi, na anaanza kushuku mwanamke mwingine. Au mama amefungua kibanda cha mboga, sasa yeye ndiye anayenunua unga, na baba badala ya kushukuru anauliza kwa ukali fedha zimetoka wapi.

Jambo hili si geni. Someni Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Agano la Kale. Tobiti alikuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa akimnunulia mahitaji mfalme wa Ashuru huko Ninawi, na aliweza hata kuweka akiba ya talanta kumi za fedha kwa ndugu yake Gabaeli katika nchi ya Media. Kisha mfalme mwingine akatawala. Tobiti akanyang'anywa mali yake kwa sababu ya kuwazika maiti wa taifa lake, akabaki na mkewe Ana na mwanawe Tobia tu. Baadaye akapofuka.

Ana akafanya nini? Alianza kufuma nguo kwa ujira. Siku moja waliomwajiri walimlipa, tena wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti akasikia mbuzi akilia nyumbani. Hakusema asante. Aliuliza kama mbuzi huyo ameibwa, akaamuru arudishwe. Ana akaeleza kwamba ni zawadi juu ya mshahara wake, lakini mumewe hakuamini. Ndipo mama huyo naye akamjibu kwa uchungu, akimuuliza ziko wapi sasa zile sadaka na matendo yake mema. Tobiti akalia, akamwomba Mungu afadhali afe.

Wapendwa, Tobiti alikuwa mtu mwema. Alisali, alitoa sadaka, alizika maiti kwa hatari ya maisha yake. Hata mtu mwema, akipoteza kazi na nguvu, anaweza kumwumiza mke anayemlisha. Naye Ana, aliyekuwa akijichosha kwa ajili yake, alitoa jibu lililochoma. Biblia haikuwafichia aibu hiyo, ili sisi tujione ndani yake.

Tuangalie basi tufanye nini.

Kwanza, wekeni karatasi zote mezani. Hati ya mwisho ya mshahara, barua ya pensheni, kitabu cha sako, madeni yote, hata yale ya simu. Mume asiseme "hizi ni zangu, mimi ndiye niliyefundisha". Wakati alipokuwa akifundisha, nani alipika, nani alilea, nani alibaki shambani alipohamishwa mbali? Wakristo waliofunga ndoa ni mwili mmoja, na mwili mmoja hauli kwa siri.

Pili, msiuguse mkupuo kwa haraka. Fedha hizo zikifika, simu nazo huanza kulia. Kuna matapeli wanaowanyemelea wastaafu kwa ahadi za faida kubwa. Kuna rafiki anayeuza ploti isiyo na hati. Kuna kijana wenu anayetaka matatu. Lipeni kwanza deni linaloleta riba, kisha ziwekeni mahali salama, na mpatane kwamba hakuna shilingi itakayotoka bila ninyi wawili kukubaliana. Asiyefanya biashara ya kuku kwa miaka 30 asianze na kuku elfu moja.

Tatu, heshimuni kipato cha mwenzenu, hata kikiwa kidogo. Baba, mama akirudi na mia tatu za mboga, mpokee kama Tobiti alivyopaswa kumpokea Ana. Usiulize kama mbuzi ameibwa. Mama, nawe usimkumbushe mumeo kila jioni kwamba wewe ndiwe unayelisha nyumba. Neno moja la dharau kwa mwanamume aliyevuliwa cheo huingia ndani kuliko njaa.

Nne, waambieni watoto ukweli. Tobiti alimwita Tobia na kumweleza habari za ile akiba pale tu alipodhani anakufa. Msingoje hadi hapo. Watoto wakubwa wasipojua kwamba nyumba sasa ina 27,000, wataendelea kuomba kana kwamba ina 65,000, na wazazi wataendelea kukopa ili wasiaibike.

Tano, fikirieni ugonjwa na fikirieni atakayebaki. Bima ya matibabu ya kazini hukoma mtu anapostaafu. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni wote wawili mmesajiliwa na kwamba mchango unalipwa. Kila mmoja ajue pia cheti cha ndoa kiko wapi, namba ya pensheni ni ipi, na jina la nani limeandikwa kwenye sako. Kuzungumza juu ya kifo si kukiita. Mjane asiyejua karatasi zilipo hulia mara mbili.

Sita, msiache kutoa. Wengine wakistaafu huikimbia jumuiya ndogo ndogo kwa kuogopa michango. Katika sura ya 4, Tobiti anamfundisha mwanawe kwamba mwenye kingi atoe kwa wingi, na mwenye kidogo asiogope kutoa kidogo. Viongozi wa jumuiya, nanyi msimwandikie mstaafu kiasi mlichokuwa mkimwandikia alipokuwa kazini. Na kama hana fedha, ana muda. Aje afundishe watoto katekisimu, awatembelee wagonjwa.

Mwishowe Tobia alisafiri kwenda Media kuchukua ile fedha, na Ana, mama yake, akalia. Alimwambia mumewe kwamba maisha waliyojaliwa na Bwana yaliwatosha, kuliko kumhatarisha mtoto kwa ajili ya fedha. Mungu aliwarudishia mengi: fedha zilikuja, mtoto alirudi salama na mke, na macho ya Tobiti yakafunguka. Lakini angalieni kwamba wakati wa upofu na umaskini wote, wawili hao hawakuachana. Waligombana, walilia, wakabaki chini ya paa moja, Ana akaendelea kufuma.

Nawaomba jambo moja wiki hii. Jioni moja, baada ya Rozari, zimeni redio, mchukue kalamu na karatasi, mwandike hesabu yenu kama tulivyoandika ile ya mwalimu. Kama bado mko kazini, andikeni ile inayokuja. Anayejua zaidi amweleze mwenzake bila kumcheka. Kisha shikaneni mikono na kusali hivi: Ee Bwana, ulituunganisha tukiwa vijana wenye nguvu. Utulinde sasa na siri, na kiburi, na maneno makali. Kidogo hiki ulichotupa utufundishe kukila pamoja kwa shukrani, hata siku utakapotuita kwako. Amina.