Ukuzaji wa Dirisha la Kamera na Nafasi ya Anayetazama

Katika kamera ya filamu ya aina ya rengifainda, mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia dirisha dogo lililo kando yake, na ndani ya dirisha hilo mistari myeupe, yaani fremu, humwonyesha sehemu itakayoingia kwenye filamu. Nje ya mistari, mambo yanaendelea kuonekana: mtu anayekaribia, gari linaloondoka. Ukuzaji ni kipimo cha ukubwa wa vitu ndani ya dirisha. Ukiwa 1, kitu huonekana sawasawa na kinavyoonekana kwa jicho tupu, ukiwa 0.72, hupungua hadi chini kidogo ya robo tatu.

Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na ukuzaji wa takriban 0.91. M6 TTL, iliyotoka mwaka 1998, hatimaye ilimpa mnunuzi achague: 0.58, 0.72 au 0.85. Usahihi wa kupima umbali hutegemea nafasi iliyopo kati ya madirisha mawili ya kupimia, milimita 69.25, ikizidishwa kwa ukuzaji. Hapo hupatikana takriban milimita 40, 50 na 59. Anayetumia lenzi ndefu, au yenye tundu pana sana, anahitaji namba kubwa. Lakini dirisha la 0.85 halina fremu ya lenzi ya milimita 28, na lile la 0.58 halina ya 135. Kinachoongeza usahihi ndicho hichohicho kinachopunguza upana.

Ni rahisi kuuona huu kuwa upungufu wa chombo tu, ila jicho lenyewe halijaepukana nao. Huona kwa ukali eneo dogo la katikati, na kwingine kote huona kwa ukungu. Ndiyo maana halitulii. Tofauti ni kwamba jicho huchagua upya kila mara, ilhali mwenye kamera huchagua siku ya kununua, kisha huishi na uamuzi huo.

Swali zito zaidi linahusu mahali alipo anayetazama. Mwaka 1637 mwanafalsafa Descartes alieleza jaribio la kuweka jicho la ng'ombe kwenye tundu la chumba chenye giza ili taswira ionekane nyuma yake. Alilinganisha pia kuona na fimbo ya kipofu, akitaka kueleza jinsi mwanga unavyolifikia jicho. Mwaka 1945 mwanafalsafa Merleau-Ponty aliirudia fimbo ileile kwa maana nyingine: kwa aliyeizoea, si kitu tena, ni sehemu ya mwili wake, na hisia zake zimefika hadi kwenye ncha.

Dirisha la ukuzaji mdogo humvuta mtu kwenye chumba chenye giza cha Descartes. Kwenye 0.58, taswira ya jicho moja hailingani kwa ukubwa na ya jicho la pili, hivyo la pili hufumbwa, na mtazamaji hubaki mbele ya picha iliyo tayari ndani ya kisanduku. Kwenye 1, kama katika Nikon S2 ya 1954 au Canon P ya 1959, macho yote mawili hubaki wazi, taswira huungana, na mistari huonekana kama imechorwa hewani. Aliyeshika kamera hajatoka alipokuwa. Hapa hoja ya Merleau-Ponty ina nguvu zaidi, kwa sababu muungano huo hautokani na hesabu ya akili. Mwili huufanya wenyewe.

Hata hivyo, uwepo huo una bei yake. Voigtländer Bessa R3A, yenye ukuzaji wa 1, haina fremu pana kuliko ya milimita 40, na hata hiyo iko ukingoni kabisa mwa dirisha. Anayepiga picha kwa 28 ndani ya chumba kidogo chenye watu wengi hana budi kurudi kwenye dirisha la ukuzaji mdogo. Mvaa miwani hubanwa zaidi, kwa kuwa jicho lake haliwezi kusogea karibu na kioo: kwenye 0.85 hata kingo za fremu ya 35 humpotea, na kwenye 0.72 humpotea za 28. Kwake yeye, mwili umekwisha kuchagua kabla ya falsafa.