Mzigo wa mwenzio: uubebe au umwachie?



Wengi wetu huku Uingereza tumepitia uuguzi, au tuna dada, shemeji au jirani anayepitia huko. Tunaujua mwendo wake: usiku zamu kwenye nyumba ya wazee, asubuhi darasani, jioni watoto, na katikati ya yote hayo kazi za kikundi. Mwalimu anawagawa watano watano, anawapa mada moja na tarehe ya kuiwasilisha, na alama mnapata sawasawa. Hapo ndipo lilipo swali la leo: mwenzenu asipofanya sehemu yake, je, ni wema kumfanyia?

Mimi nilidhani jibu nalijua. Nilikuwa mwaka wa pili, na kikundi chetu kilipewa mada ya vidonda vya kulalia, vile vinavyompata mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani. Tukagawana kazi. Binti mmoja, Mswahili mwenzangu, akapewa sehemu ya kumgeuza mgonjwa: mara ngapi, kwa namna gani, na mwilini pakaguliwe wapi. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili akaniambia, "Dada, usijali, naleta." Usiku wa kuamkia siku yenyewe akanipigia simu: hajaandika hata mstari mmoja. Nikakesha mpaka saa tisa, nikaandika mwenyewe, nikaweka jina lake. Wenzetu Waingereza sikuwaambia. Niliogopa kumwaibisha mtu wa kwetu, na niliogopa tusije tukaonekana sote wavivu. Tulipata alama nzuri, nikajisifu moyoni kwamba nimetenda utu.

Miezi michache baadaye tukapangiwa wodi moja. Kulikuwa na bibi aliyevunjika nyonga, hawezi kujigeuza. Yule mdogo wangu akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Dada, eti huyu anageuzwa kila baada ya saa ngapi?"

Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2014, ambao ndio tulioutumia kwenye kazi yetu, ulisema mtu mzima aliye hatarini abadilishwe mkao angalau kila baada ya saa 6, na aliye hatarini zaidi angalau kila baada ya saa 4. Maneno hayo yalikuwa kwenye ukurasa wenye jina lake. Alama alizipata yeye, ujuzi nikabaki nao mimi. Alifanya vema kuuliza, lakini siku nisiyokuwepo angemwuliza nani? Na gharama angeilipa bibi yule, ambaye hakujua lolote juu ya undugu wetu.

Siku ile nilielewa kwamba kikundi chetu hakikuwa cha watu watano. Wa sita alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyemwuliza kama anakubali tufichiane.

Baada ya zamu nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza tangu wiki ile ya kwanza: "Mdogo wangu, una nini?" Kumbe alikuwa na kazi mbili, wadogo zake nyumbani wanamsubiri kwa ada, na kwa siku analala saa tatu au nne tu. Mvivu na mchovu, ukiwatazama kwa mbali, hulala usingizi mmoja. Lakini dawa zao si moja. Mchovu anahitaji apunguziwe au abadilishiwe sehemu mapema, au aombe muda kwa mwalimu. Mvivu anahitaji aambiwe ukweli usoni. Kufichwa hakumponyi yeyote kati yao.

Wapo watakaosema kwamba sisi tumelelewa kwa ujima, na mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Iweje leo tuhesabiane? Nami nasema, tukumbuke ujima wenyewe ulivyokuwa. Kwenye msaragambo kila mtu alionekana na jembe lake. Mgonjwa alijulikana ni mgonjwa, na asiyetokea aliulizwa. Msaada ulikuwa mwingi, lakini ulikuwa wa wazi.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio yake ya watu wanaovuta kamba: kadiri walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo zaidi kuliko alipokuwa peke yake. Sehemu ya sababu ilikuwa kutovuta kwa pamoja. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Latané, Williams na Harkins, waliwapima watu wakipiga makofi na kelele, wakaona kwamba hata ukiondoa sababu hiyo, mtu akiamini yuko kundini hulegea. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ulegevu hupungua kazi ya kila mmoja inapoweza kutambuliwa. Kwa hiyo tangu kikao cha kwanza andikeni nani anafanya nini na kwa siku gani, kisha kutaneni mapema, kila mtu aeleze sehemu yake kwa mdomo. Asiye na kitu aulizwe kwanza kilichomsibu. Akiendelea kukaa kimya, mwalimu aambiwe, naye mwenyewe ajue kwamba mtasema.

Je, huko si kuchomana? Kanuni za Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa zinamtaka muuguzi aseme bila kuchelewa anapoona usalama wa mgonjwa uko hatarini. Ujasiri huo hauji siku ya kuvaa sare. Aliyezoea kumfichia mwenzake darasani, atapata wapi ulimi wa kusema wodini?

Mimi na mdogo wangu tuliishia kantini, tukaufungua ule ukurasa "wake". Nikamfundisha mpaka akanieleza yeye mwenyewe, kisigino hadi kisogo. Ilituchukua chini ya saa moja. Kuuandika usiku ule kulinichukua saa tano.